TUJUE NDEGE ZETU: Bata wa pori mwenye mdomo mwekundu

Ndugu msomaji, bata wa nyumbani unamjua. Lakini ndugu yake wa pori, umekwisha kumwangalia muzuri?

Anapenda mayi yasiyo na kina, yenye majani mingi kandokando. Kule Lufira, baraje ya Mwadingusha, iliyojengwa kupatia migodi ya shaba umeme, ilizaa ziwa la Tshangalele, na ndege wengi wanakaa pale. Bata wetu anapenda mayi ya namna ile.

Ni bata mdogo, urefu wake karibu santimetri 45. Mdomo ni mwekundu. Kichwani ni sawa amevaa kofia nyeusi-nyeusi inayoshuka mpaka kwenye macho, na mashavu ni meupe. Manyoya ya mwili ni ya kahawia, kila moja na pindo jeupe, kama magamba ya samaki. Dume na jike wanafanana.

Kwa kula, hazami mwili wote. Anaingiza kichwa katika mayi, mkia unabaki juu, na anatafuta mbegu, majani na vidudu. Mara nyingi anakula usiku, mchana anapumzika.

Jike anatengeneza kiota chini, katika majani marefu. Anataga mayai 5 mpaka 12, anayalalia siku karibu 26. Mtu akikaribia watoto, mama anajifanya amevunjika bawa, anakokota mwili, ili mtu amfuate yeye na kuacha watoto. Mama wa kweli!

Sasa sikilizeni, ninyi vijana. Kisha kuzaa, bata anapoteza manyoya makubwa ya mabawa yote mara moja. Karibu mwezi mzima hawezi kuruka. Hapo wengine wanasema: «Leo nyama ya bure!» Wanakuja na fimbo na mbwa, wanamaliza kundi lote. Wanakula siku moja, na mwaka unaofuata mayi yanabaki bila ndege.

Jambo lingine kwa wawindaji: bata anameza vijiwe ili kusaga chakula tumboni. Risasi ndogo za plomb zilizoanguka katika matope, anazimeza akizani ni vijiwe. Plomb ni sumu, inamwua polepole. Ukimkuta bata amekufa kando ya mayi, usimtie katika chungu: sumu ile haichagui ndege ao mtu.

Basi kijana, siku utakapomkuta hawezi kuruka, fimbo iko mkononi: utafanya nini?