Je, Yafaa Mraibu Atibiwe kwa Nguvu?

Jambo hili tulilijadili katika mdahalo wa shule muhula huu, na wengi walipiga kura kwamba kila mraibu wa dawa za kulevya akamatwe, afungiwe, atibiwe apende asipende. Mimi nilikuwa upande wa wachache, na kwa ruhusa ya Mhariri napenda kueleza sababu zangu.

Hapana mtu wa Arusha awezaye kusema kwamba jambo hili halimhusu. Mwaka 2023 Serikali iliteketeza mashamba ya bangi huko Kisimiri Juu, upande wa Mlima Meru, na mirungi ingali yatafunwa mjini ingawa sheria yaikataza. Wazazi wanaotaka nguvu itumike si wakatili. Namjua mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye mwanawe ameuza hata sufuria za nyumbani apate heroini. Mama huyo akisema, "Mchukueni kwa nguvu," nani atamlaumu?

Lakini na tutazame sheria. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mgonjwa wa akili apelekwe hospitali bila ridhaa yake. Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 1989, waliwahesabu pia walioharibikiwa akili kwa ulevi au dawa. Nguvu ya namna hiyo naikubali, mtu akiwa karibu kujiua au kuua mwingine, maana maiti hatibiki. Ila daktari athibitishe, na siku zihesabiwe.

Kumfungia mtu kwa miezi ni jambo jingine. Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yaliziomba nchi zifunge vituo vya kuwazuilia waraibu kwa lazima, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba vinaponya, na humo watu huwa katika hatari ya kupata virusi vya UKIMWI na kifua kikuu. Kwa upande mwingine, Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Mgonjwa huja kila siku kwa miguu yake mwenyewe, akanywa dawa mbele ya mhudumu. Matibabu hayo huendelea kwa miezi na hata miaka. Ni askari gani atakayemsindikiza mtu kila asubuhi kwa muda wote huo?

Tena wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mraibu akijua kwamba akimwendea daktari atafungiwa, atajificha. Na rafiki yake akizidiwa ataachwa chumbani afe, kwa hofu ya kuita msaada.

Kwa hiyo nasema: nguvu iwe ya siku chache, ya kuokoa maisha tu, na fedha za kujenga kuta zitumike kuleta dawa karibu na watu. Wenzangu walioshinda kwa kura nawaheshimu. Lakini siku mlango wa kituo utakapofunguliwa, yule mama atarudishiwa mwanawe, na kesho yake hapatakuwa na kuta. Hapo ndipo matibabu yanapohitajiwa.