KONA YA WALIMU WA KUJITOLEA: Mmarekani tunayemjua, tulimjulia wapi?

Mwezi uliopita kona hii iliongea juu ya watoto wanaochelewa masomo kwa sababu ya mstari wa maji. Tunashukuru, wengi walisikia. Mwezi huu tuko na jambo ambalo lilianza darasani kama mchezo, kiisha likatushika sisi walimu wenyewe. Ni juu ya Wamarekani, na namna sisi tunawawaza.

Ilikuwa hivi. Tuliwapa wanafunzi wakubwa kazi ya kuandika sentensi tatu na kuchora picha: Mmarekani ni mtu wa namna gani? Tulitaka tu wazoee kueleza mawazo yao. Karatasi ziliporudi tulizitandika juu ya meza, tukacheka, halafu tukaacha kucheka. Karibu wote walichora mwanaume yule yule: mzungu, mrefu, miwani nyeusi, gari pembeni, na wengine wakamwongezea bunduki. Watu weusi walikuwa wawili tu katika karatasi zote, na wote wawili walikuwa wanaimba. Hakuna aliyechora bibi kizee. Hakuna aliyechora mtu anayefagia. Kijana mmoja alichora kopo la mafuta ya kupikia lenye mikono na miguu, akaandika chini: "Huyu njo Mwamerika, njo ule anatuletea chakula."

Na sentensi zilikuwa hivi: "Waamerika hawalimaka." "Waamerika wote bako na feza, hata mutoto mudogo." "Kule hakuna mutu anakufaka njaa." Msichana mmoja, kati ya wale wanaosoma vizuri sana, aliandika sentensi moja tu badala ya tatu: "Waamerika ni watu wa kudanganya."

Huyu msichana tunajua habari yake. Familia yao ilikuwa kwenye mpango wa kuhamia Marekani. Walipita mahojiano yote, walipimwa afya, waliambiwa wangoje. Basi wakangoja kwa njia yao. Shamba la mihogo wakamwachia jirani. Mbuzi wakauza. Na mtoto wakamtoa masomoni katika mwaka wa mtihani, kwa sababu baba alisema, "Kule watamuanzisha upya, ya hapa haina kazi." Tarehe 20 Januari 2025, siku ile Donald Trump alipoanza tena kazi ya urais, alisaini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na amri ikaanza kufanya kazi tarehe 27. Hakukuwa tena na ndege. Shamba halikuwa lao, mbuzi hawakuwepo, na mtoto alikuwa amekaa nyumbani miezi mingi.

Tulienda kumtembelea yule baba. Alitupokea vizuri, akatupa viti, lakini alikuwa na uchungu. "Mwalimu, mi najua Waamerika. Hawana roho."

Tukamwambia kwa heshima, "Papa, mwaka 2024 ulituambia duniani hakuna watu wazuri kama wao."

"Ile wakati nilikuwa sijawajua."

"Na tangu ile wakati umekutana na Wamarekani wangapi?"

Alifikiri, akahesabu kwa vidole. Kidole kilikuwa kimoja. Ni yule mama aliyewafanyia mahojiano. "Ule alikuwa mutu muzuri," akasema polepole. "Aliuliza kama mutoto amekunywa maji."

Hatusemi jambo hili ili kumcheka mzazi. Sisi wenyewe tulikuwa kama yeye. Katika wetu hakuna ambaye hakuota ile ndege. Na hasira yake iko na sababu: mwaka 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio walikuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote, karibu 20,000. Kiisha, mwezi wa kumi 2025, ikatangazwa kwamba kwa mwaka mzima uliofuata mwisho ni watu 7,500, na nafasi nyingi kati ya hizo zikatengwa kwa Waafrikaner wa Afrika Kusini. Mtu aliyeona mlango ukifungwa mbele ya uso wake ana haki ya kulia. Tunalouliza ni hili tu: alifunga nani? Serikali ilifunga, kwa amri. Je, yule mama wa mahojiano naye alifunga? Na kopo la mafuta lilikuwa limetuahidi nini?

Tukaanza kutafuta ile picha ya Mmarekani ilitoka wapi. Kumbe ni ya zamani sana. Mwaka 1833 Sultani Said wa Zanzibar alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na meli za mji wa Salem zikawa zinaleta nguo nyeupe ya pamba. Watu wa pwani wakaiita merikani. Misafara ikaibeba bara, kukata mikono kwa mikono, na ikawa kama pesa: unalipa nayo chakula, unalipa nayo wapagazi, unalipa nayo njia. Mababu wengi waliijua merikani kabla ya kumwona Mmarekani hata mmoja. Kwao Marekani ilikuwa kitambaa.

Halafu akaja Stanley. Mwaka 1871 aliingia Ujiji na bendera ya Marekani mbele ya msafara wake, akimtafuta Livingstone, yule aliyefika kwenye ziwa letu Mweru mwaka 1867. Alitumwa na gazeti la New York, basi watu wakaona, huyu ndiye Mmarekani. Lakini Stanley alizaliwa Wales, Uingereza, na baadaye alimfanyia kazi mfalme wa Ubelgiji pale Kongo. Kwa hiyo "Mmarekani" ambaye wengi walimwona kwanza hakuwa hata mzaliwa wa kule!

Wazee wetu wanakumbuka pia tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipopigana Kinshasa. Wote wawili walikuwa Wamarekani, wote wawili weusi. Ali alicheka na watu, alikimbia mazoezi na watoto nyuma yake, na Kinshasa nzima ikamfanya ndugu. Foreman alishuka na mbwa wake mkubwa wa namna ile ile ambayo polisi wa Wabelgiji walitumia kuwatisha watu wakati wa ukoloni. Ikawa imeisha, watu wakamweka upande wa Wabelgiji. Foreman hakujua maana ya mbwa yule kwa Wakongo. Alianguka katika raundi ya nane, lakini kwa watu wa Kinshasa alikuwa ameshaanguka tangu siku ya mbwa. Hata sisi tungempigia Ali kelele. Ila tujiulize, watu wawili kutoka nchi moja, tuliwagawanya kwa mbwa.

Kwa wakati wetu kulikuwa na kopo la mafuta na gunia, yenye maandishi kwamba imetoka kwa watu wa Marekani. Tulikula, tunashukuru, na kopo tukafanya kiti, taa, mlango wa jiko. Ile ofisi ya USAID iliyoandika jina lake pale ilifungwa kama ofisi tarehe 1 Julai 2025. Watoto wanaona kopo la zamani na kusema Mmarekani alikuwa mwema akawa mbaya. Kwao bado Marekani ni kitu, kama merikani ya zamani.

Mmoja wetu ana yaya yake ambaye aliwahi kuondoka kabla mlango haujafungwa. Anakaa Louisville, mji alikozaliwa Muhammad Ali, ambako Wakongo ni wengi. Tulimwomba atutumie sauti kwenye simu, na tuliwasikilizisha wanafunzi. Tunaandika kwa kifupi aliyosema.

Anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, anasimama mpaka miguu inavimba. Ile ndege aliyopanda ilikuwa mkopo, na alianza kuulipa kidogo kidogo baada ya miezi michache. Msaada wa kupokelewa ulikuwa wa siku 90, kiisha ukodi wa nyumba ni wake. Jirani wa kulia ni mama mzee mzungu. Mwaka wa kwanza alikuwa hajibu salamu, na yaya akasema, "Huyu anachukia watu weusi." Siku theluji ilipoanguka, yule mama akatoka na koleo, akasafisha ngazi ya kwake na ngazi ya yaya, akarudi ndani bila kusema neno. Baadaye ikajulikana hasikii vizuri. Jirani wa kushoto anacheka na kusalimu kila asubuhi, lakini mpaka leo hajauliza jina lake.

Kazini kuna kijana Mmarekani mweusi. Siku moja alimuuliza yaya, "Kwenu mko na nyumba, au mnalala na simba?" Yaya alikasirika, lakini akajikumbuka. Siku ya kwanza naye alikuwa amemuuliza yule kijana, "Wewe ni mwimbaji?" Walicheka wote wawili. Sasa wanakula pamoja saa ya mapumziko. Akamweleza juu ya Shinkolobwe, ile mine ya Katanga iliyotoa uranium ya bomu la Hiroshima mwaka 1945. Kijana alikuwa hajawahi kusikia. Nchi yake ilichukua jiwe katika ardhi yetu, na yeye alijua simba tu.

Wanafunzi waliuliza maswali mengi kuliko siku ya hesabu. Mmoja akasema, "Mwalimu, kule bako na maskini?" Tukawapa namba. Mwaka 2023 serikali ya Marekani yenyewe ilihesabu watu wake karibu milioni 37 kuwa maskini, na zaidi ya milioni 40 walipokea msaada wa serikali wa kununua chakula. Kimya. Kisha sauti nyuma: "Banapangaka mustari ya posho kama sisi?" Tukajibu kwamba wao wanatumia kadi dukani, lakini mama anayehesabu siku mpaka mwisho wa mwezi yuko kule pia.

Na tuliwaambia jambo ambalo majirani wetu wazee wa huku wanalijua: tangu 1994 shirika la Peace Corps lilikuwa linatuma vijana wa Marekani kuishi katika vijiji vya Zambia, na Luapula ikiwemo. Walikaa nyumba za udongo, walipanda baiskeli, walijifunza Kibemba. Anayesema "Mmarekani hana baiskeli" aende kuuliza kijijini.

Wapendwa wazazi, sasa tujitazame sisi. Nani kati yetu hajaumizwa na neno "Mkongo" pale sokoni Kashikishi? Wakongo ni wa kelele. Wakongo wanapenda nguo kuliko chakula. Wakongo ni wezi. Kuku akipotea, wanatazama upande wa kambi. Na wale wanaosema hivyo wako karibu sana nasi: Walunda wa Mwata Kazembe, wanaosherehekea Mutomboko kila mwaka mwezi wa saba pale Mwansabombwe, wazee wao walitoka upande wa Kongo, kwa Mwant Yav. Tunapenda nini siku ile ya sokoni? Tunapenda mtu mmoja aseme, "Huyu namjua, hakuiba." Basi, kile tunachokipenda, tukifanye kwa wengine, hata kwa watu ambao serikali yao ilituumiza.

Hii si adabu tu. Ni jambo la chakula na la masomo. Ile familia ilipanga maisha yake kwa picha. Mmarekani wa picha hachelewi, habadiliki, hana uchaguzi, hana serikali inayogeuka. Ukimtegemea yule, unauza mbuzi. Mwenye fomu aendelee kutunza fomu yake, hatumkatazi. Lakini mihogo ipandwe mvua ikija, na mtoto abaki darasani mpaka ile siku viatu vinapanda ndege. Alichosoma hapa hakuna mtu atakayemnyang'anya njiani.

Msichana wetu amerudi. Yuko nyuma kwa mwaka mmoja na anakaa na watoto wadogo kuliko yeye, na hafurahii. Baba yake anaomba kipande cha shamba upya, na yule jirani amekubali kumrudishia nusu. Tulimpa mtoto ile karatasi aandike sentensi mbili zilizobaki. Aliandika: "Mwamerika mumoja aliuliza kama nimekunywa maji. Wengine sijawajua bado."

Kazi ya familia mwezi huu: chukueni shati moja la salaula pale nyumbani, lile lenye jina la shule au timu ya Marekani. Jioni mkiwa mmekaa, kila mtoto aseme aliyelivaa kabla yake alikuwa nani, anakaa na nani, anaogopa nini. Hakuna jibu la makosa, ila "tajiri" peke yake haitoshi. Majibu mazuri yaleteni kwetu darasani, tutayasoma mbele ya wote.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mbaki salama.

Walimu wenu wa kujitolea