Chuo cha polisi, kwa mfuko wa nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Usalama wa Umma,
Bujumbura

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Buyenzi na mlipa kodi, na sina ugomvi na polisi. Natanguliza hilo kwa sababu mjini kwetu mtu akigusa habari ya polisi kwa kalamu, kwanza huulizwa yuko upande gani. Mimi niko upande wa wanaotaka polisi waliofunzwa wakafunzika. Nikipita kwenye posisheni za polisi mitaani na kuwakuta vijana wale wamejibanza chini ya turubai, mvua ya Aprili ikiwapiga, nawaona ni watumishi tuliowapa bunduki mapema na darasa tukawacheleweshea.

Basi sipingi fedha za mafunzo, wala sipingi chuo kipya ikiwa kinahitajika. Ninachouliza ni nani atatoa fedha hizo, na akishazitoa ataonyeshwa nini.

Polisi ya Taifa ilizaliwa kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2004, nayo ni tunda la Mkataba wa Amani wa Arusha wa mwaka 2000. Jandarme wa zamani, polisi wa usalama wa raia, polisi wa upelelezi, polisi wa mipakani na wapiganaji waliotoka msituni, wote walivishwa sare moja. Ikawekwa kanuni kwamba kabila moja lisizidi nusu ya askari. Kwa anayekumbuka vyombo vya usalama vya miaka ya nyuma vilivyokuwa, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini kanuni hiyo haimfundishi mtu kutuliza umati, kuandika maelezo ya mtuhumiwa wala kulinda mahali palipotokea mauaji. Kazi hiyo ni ya shule, na wengi walivaa sare kabla hawajakaa darasani kwa kiasi cha maana.

Wakaja wafadhili. Ubelgiji iligharamia mafunzo ya polisi. Uholanzi ikatia saini na serikali yetu, mwaka 2009, mpango wa miaka minane wa kusaidia sekta nzima ya usalama, polisi na jeshi. Maofisa, mabrigadie na askari wa kawaida walifundishwa, na ndani ya masomo yao mlikuwemo maadili ya kazi na haki za binadamu. Kila faranga iliyotumika ilikuwa na mwenyewe aliyeidai hesabu, na mwenyewe huyo alikuwa Brussels au The Hague. Mhasibu wa huko aliweza kuuliza madawati yamefika mangapi na askari wangapi wamehitimu, naye akajibiwa kwa maandishi. Muuza ndagala wa soko la Ruvumera, ambaye mwanawe ndiye atakayesimamishwa na askari huyo usiku, hakuwa na wa kumuuliza.

Matokeo tuliyaona. Tarehe 26 Aprili 2015 maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa rais yalianza Musaga, Nyakabiga, Cibitoke na kwingineko, na risasi zikalia katika mitaa yetu. Sisahau kwamba polisi nao waliuawa mwaka ule. Mwezi Mei Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wa polisi iliokuwa ikiufanya pamoja na Uholanzi. Juni 2016 Umoja wa Mataifa ukaamua kwamba polisi wetu wapatao 280 waliokuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, zamu yao ikiisha, wasiletewe wa kuwapokea, kwa sababu ya tuhuma za yaliyotendeka hapa nyumbani. Watu wazima na familia zao wakakosa posho walizokuwa wakizitegemea.

Somo la maadili lilikuwa limefundishwa. Mbona halikuonekana Musaga? Kwa maoni yangu, askari hujifunza darasani lakini hutii barabarani, na anayemtii ni mkubwa wake. Shule haiwezi kushindana na amri. Ndiyo maana nikisikia habari ya chuo, naanza kuulizia Ukaguzi Mkuu wa Usalama wa Umma: askari akimpiga raia, malalamiko yanapelekwa wapi, na raia atajuaje yameishaje? Tofali bila jibu hilo litatupa majengo mazuri tu.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala huu huliruka. Watu wakisikia mafunzo ya polisi hufikiria virungu na mabomu ya machozi. Mimi hufikiria mipira ya maji. Zimamoto wetu ni polisi, wako katika kikosi cha ulinzi wa raia. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura lilipowaka moto, mji mzima ulisimama ukitazama mali ya maelfu ya wafanyabiashara ikiteketea, na helikopta ikaja kutoka Rwanda kusaidia. Wapo waliokuwa na mikopo ya benki ndani ya zile kuta. Kisha mto Rusizi ukafurika Gatumba mwaka 2020, na maji yakarudi tena baadaye. Chuo kitakachomfundisha askari wa mji huu kuzima moto, kuogelea, kuendesha mtumbwi wa uokoaji na kumfunga jeraha aliyeanguka na baiskeli, hicho nitakilipia kwa moyo mweupe. Je, masomo hayo yatapewa saa ngapi, ukilinganisha na gwaride?

Sasa niseme linalonitia hofu. Desemba 2017 tuliwekewa mchango wa uchaguzi wa 2020: faranga 2,000 kwa kila kaya kwa mwaka, 1,000 kwa mwanafunzi aliyefikia umri wa kupiga kura, na wafanyakazi wa serikali wakakatwa mishahara. Uliitwa wa hiari. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za watu waliodaiwa risiti njiani na kuzuiwa kupata huduma kwa kukosa karatasi. Mkitaka chuo cha polisi, tafadhali msikiletee risiti mlangoni kwangu. Kiingie katika bajeti ya Julai, kijadiliwe Kigobe mbele ya wabunge, na Mahakama ya Hesabu itoe maoni yake kabla ya kura.

Msidhani haya ni madai ya Warundi peke yao. Kule Atlanta, Marekani, mamia ya wakazi walijipanga kuzungumza mbele ya baraza la jiji, Juni 2023, kuhusu kituo kipya cha mafunzo ya polisi na zimamoto. Baraza lilikipitisha alfajiri kwa kura 11 dhidi ya 4, na wengi waliondoka na uchungu. Lakini ni katika kelele zile ilipogundulika kwamba fedha za umma, zilizotajwa mwanzo kuwa dola milioni 30, zingefika takriban 67. Bila wale wabishi nani angeijua hesabu hiyo?

Wasemaji wa taasisi za serikali wana kipindi chao cha hadhara, wanachokipeleka mikoani na kujibu maswali ya waandishi na raia moja kwa moja redioni. Naomba kimoja kifanyike Buyenzi, kihusu shule za polisi tu. Waje na mtaala, gharama ya kumfunza askari mmoja, na idadi ya askari walioadhibiwa mwaka uliopita na kwa makosa gani. Na kiendeshwe kwa Kirundi na Kiswahili, ili yule wa Ruvumera naye aweze kushika maikrofoni.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Buyenzi