Kusimama Wima Si Uraia

Mwanafunzi wa Uru hufundishwa kusimama wima bendera inapopandishwa, naye hukariri: kijani uoto, njano madini, nyeusi watu, bluu maji. Muulizeni basi Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ipi katika kilele cha Kibo, kinachoonekana hapo Uru mawingu yakiruhusu, usiku wa Uhuru mwaka 1961. Wengi watataja bluu. Ile ilikuwa bendera ya Tanganyika. Bluu ilikuja na Muungano, 1964.

Hilo nalisamehe. Nisilosamehe ni kumwacha kijana atimize miaka 18, awe mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, pasipo kujua kwamba anaweza kudai hesabu za mapato na matumizi. Ibara ya 8 ya Katiba inasema mamlaka ya Serikali yatoka kwa wananchi. Ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba hiyo. Tunamfundisha azitaje, tukiogopa asije akazitumia. Wazee wa Uchagani walimtoza faini asiyefika kusafisha mfereji, na hawakuhitaji mlingoti.

Maafisa elimu, lipelekeni darasa la Uraia kwenye mkutano wa kijiji, likasikie mwenyekiti akihojiwa.