Vipimo vya tarakilishi vyahitaji akili ya mchoraji

Imani ya wanafunzi wetu wa usanifu wa majengo kwa tarakilishi imepita kiasi. Maadamu mashine huandika kipimo kwa tarakimu safi, wengi hudhani kwamba kipimo hicho hakina walakini. Ukiuliza kwa nini jumla ya vipimo vya vyumba hailingani na urefu wa nyumba nzima, hujibiwa kwamba ndivyo tarakilishi ilivyoandika. Nashikilia kuwa jibu hilo halifai kukubaliwa darasani hata kidogo.

Hebu tutazame ngazi, kwani hapo ndipo kosa dogo la nambari humwangusha mtu. Tuchukue ngazi iliyo na kimo cha milimita 3,000 kutoka sakafu hadi sakafu, nayo igawanywe katika vipandio 17. Kila kipandio kitakuwa na milimita 176.47 na desimali nyingine zinazofuata. Tarakilishi huihifadhi nambari hiyo kwa usahihi kuliko ambao mwashi yeyote atauhitaji. Lakini programu hizi zina mpangilio unaoziamuru kukadiria kipimo kinachoandikwa hadi 5 au 10 iliyo karibu. Katika AutoCAD mpangilio huo huitwa DIMRND. Mchoraji apendaye nambari nyepesi akichagua 5, karatasi itasema kwamba kila kipandio ni 175. Mstari wenyewe haukubadilika, yamebadilika maandishi tu. Naye mwashi hafuati mstari uliomo ndani ya mashine, hufuata maandishi.

Mwashi huyo akijenga vipandio 16 vya 175 atakuwa amefika 2,800. Kitabaki kimoja, nacho hakina budi kuwa cha milimita 200 ili sakafu ya juu ifikiwe. Mguu wa binadamu hujifunza kimo cha ngazi katika vipandio viwili vitatu vya kwanza, kisha hupanda bila kumsumbua mwenyewe. Mwanafunzi anayekimbilia bwenini usiku stima zikiwa zimepotea hana habari kwamba kipandio cha mwisho kimezidi vingine kwa milimita 25. Kanuni za IBC, ambazo hutumika sana Marekani, haziruhusu tofauti kati ya kipandio kirefu kabisa na kifupi kabisa katika mkondo mmoja wa ngazi izidi milimita 9.5. Mchoraji wetu amevuka mpaka huo zaidi ya mara mbili, ilhali hakuchora mstari hata mmoja vibaya.

Kuna watakaosema kwamba mkono wa mwashi hauwezi kutimiza milimita moja, basi ya nini kusumbukia desimali? Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na inasahau jambo moja. Makosa ya mkono huenda huku na huku. Kipandio hiki huzidi kidogo, kile hupungua kidogo, na aghalabu huelekea kufidiana. Kosa la kukadiria huelekea upande mmoja kila mara. Milimita moja na nusu hivi ilipunguzwa katika kila kipandio, mara 17, na hakuna hata mara moja iliyorudishwa.

Dawa yake ni nyepesi. Vimo vyote vipimwe kutoka sakafu ya chini, na kila kimoja kikadiriwe peke yake: 176, 353, 529, 706, na kuendelea hadi 3,000. Kwa njia hiyo hakuna alama itakayokosea kwa zaidi ya nusu milimita, na vipandio vitakuwa vya 176 au 177. Ukuta wa mita 20 wenye sehemu saba zilizo sawa hutaka utaratibu uo huo. Ukiandika 2,857 mara saba utapata 19,999, na fundi mwangalifu atasimamisha kazi akupigie simu kuuliza milimita moja imekwenda wapi. Ukikadiria hadi 10 na kuandika 2,860, ukuta utarefuka kwa milimita 20.

Baya zaidi ni ile tabia ya kufuta kipimo kilichoandikwa na programu na kuchapa kingine juu yake ili ramani ipendeze. Ukuta ukisogezwa kesho, maandishi hayo hayatasogea pamoja nao.

Sisi Wakenya tuna mtego wetu pia, maana bado twauza ardhi kwa futi na kuichora kwa mita. Ploti ya hamsini kwa mia ni mita 15.24 kwa 30.48. Anayeiandika 15 kwa 30 amemnyang'anya mwenyewe mita za mraba 14 na nusu, ukubwa wa chumba kizuri cha kulala. (Wale wanaoiita ploti hiyo thuluthi, thumni au chochote cha ekari nao wajihadhari: thumni ya ekari ni futi za mraba 5,445, si 5,000.)

Je, tarakilishi yenyewe haina lawama? Inayo, mahali pachache. Mpima ardhi wa Nairobi atumiaye mfumo wa UTM huhesabu ikweta kuwa mita 10,000,000, hivyo jiji huangukia karibu na 9,857,000. Kwa milimita, hiyo ni nambari ya tarakimu kumi. Programu nyingine huonyesha picha kwa kutumia nambari zinazobeba tarakimu saba hivi tu, na jengo lililochorwa mbali hivyo na sufuri huanza kuonyesha mistari inayotetemeka na pembe zisizokutana. Kwa hiyo jengo lichorwe karibu na sufuri, na mahali pake halisi paandikwe kando.

Mada ya makadirio na makosa imefundishwa kwa miaka mingi katika hisabati ya Kidato cha Tatu. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huifaulu katika mtihani, kisha huiacha mlangoni anapoingia chumba cha uchoraji. Ningependa walimu wa uchoraji wakatae ramani yoyote ambayo vipimo vyake vidogo havijajumlishwa na kulinganishwa na kipimo kikubwa, hata iwe ya kupendeza namna gani. Shule isiyo na tarakilishi yaweza kulianza somo hili juma lijalo kwa ngazi yake yenyewe. Wanafunzi wapime kila kipandio, wakadirie hadi 5 iliyo karibu na kujumlisha, kisha wapime kimo chote kwa mara moja na kuandika ubaoni tofauti watakayoipata.