Hataza ya Programu Itamlinda Nani?

Bonyeza nyota, 150, nyota, sifuri mbili, reli. Hata ukiwa na kitochi kisichojua intaneti, pale Kibimba wilayani Ngara, orodha itajitokeza: tuma pesa, toa pesa, lipa bili. Unaandika namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri, kisha unasubiri ujumbe wa kuthibitisha. Sasa weka laini ya Airtel na ubonyeze *150*60#. Utapita njia ileile, hatua kwa hatua. Kilichobadilika ni jina la huduma na rangi ya mwavuli wa wakala.

Vodacom ilileta M-Pesa nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuizindua Kenya. Tigo Pesa ikafuata mwaka 2010, na kampuni nyingine hazikubaki nyuma. Hakuna aliyewazuia waliofuata kwa madai kwamba kuandika namba, kiasi na siri, kwa mpangilio huo, ni mali ya aliyetangulia. Aliyetangulia mwenyewe angepata shida kulithibitisha dai hilo, kwa sababu Wafilipino walikuwa na Smart Money tangu 2001 na GCash tangu 2004. Mwaka 2014 wateja wa Tigo, Airtel na Zantel wakaanza kutumiana pesa mtandao kwa mtandao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Ukitaka kujua soko la programu lisilo na hataza linafanana na nini, anza hapo.

Hesabu ni rahisi. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, hudumu hadi miaka 20. Kama mpangilio ule ungepewa hataza mwaka 2007, mkulima wa kahawa wa Kibimba angekaa chini ya kampuni moja hadi 2027, au kampuni ya pili ingelipa ada ya leseni na ada hiyo ingeishia kwenye makato yake yeye.

Hata hivyo, vijana wengi wanaotengeneza programu Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wanaitaka hataza, na hawaitaki kwa ujinga. Malalamiko yao ni yaleyale kila mahali: nilipeleka wazo kwa kampuni kubwa, wakanisikiliza, wakaniambia watanipigia, baada ya miezi kadhaa nikaliona wazo langu kwenye bango barabarani. Wakiambiwa kwamba hakimiliki inawalinda, wanacheka. Hakimiliki inalinda msimbo kama ulivyoandikwa. Kampuni yenye wahandisi wake haina haja ya kunakili hata mstari mmoja. Inaandika wa kwake, unaofanya kazi ileile. Hataza ingewafunga hata hao. Ingemfunga pia mtu aliyefika kwenye wazo hilo peke yake, bila kukuona wala kukusikia, na hapa ndipo ninapoanza kusita.

Tuone sheria inasema nini. Sheria ya Usajili wa Hataza ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1987 (Zanzibar ina yake, ya mwaka 2008). Haihesabu kanuni za hisabati kuwa uvumbuzi, wala mbinu za kuendesha biashara, wala kazi zinazofanyika akilini tu. Iliandikwa katika nchi ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, marufuku iliyokuja kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni vigumu kuamini kwamba waliokaa mezani kuiandika walikuwa na mtengeneza programu akilini. Mwaka 1999 ndipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ikaziweka programu za kompyuta katika kundi moja na vitabu na maandishi mengine, sawa na mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unavyotaka. Kwa hiyo msimbo wako unalindwa kama riwaya: mwenzako hawezi kuinakili, ila anaweza kuandika riwaya yake kuhusu mapenzi na wivu.

Wakenya wamekwishaupima mpaka huo mahakamani. Mwishoni mwa 2012 Safaricom na benki ya CBA walizindua M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu. Taasisi ya mikopo ya Faulu ilikimbilia Mahakama Kuu ikidai kwamba wazo hilo iliwahi kuipelekea Safaricom, na kwamba huduma yake ya Kopa Chapaa, iliyokuwa ikiiendesha na Airtel, ndiyo chanzo. Iliomba M-Shwari isimamishwe. Mahakama ilikataa kutoa zuio, kwa msimamo kwamba hakimiliki hailindi wazo tupu. Watengeneza programu wengi waliisoma hukumu ile kama ushahidi wa pengo linalohitaji hataza. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Mikopo ya simu imezagaa Afrika Mashariki nzima tangu wakati huo, na kama Faulu ingekuwa na hataza, kila aliyekuja baadaye angepita kwanza mlangoni kwake, wakiwemo vijana haohao wanaolalamika leo.

Kesi inayotufaa zaidi imetoka Afrika Kusini. Ule ujumbe wa "tafadhali nipigie", ambao kila aliyewahi kuishiwa vocha ameutuma, ulizaa mgogoro wa zaidi ya miaka ishirini. Novemba 2000, Nkosana Makate, mhasibu mwanafunzi ndani ya Vodacom, aliandika wazo la kumwezesha mtu asiye na salio kumwomba mwenzake ampigie. Bosi mmoja aliahidi kwa mdomo kwamba atalipwa. Huduma ilizinduliwa 2001, malipo hayakuja. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba ahadi ile inaifunga kampuni, ikaagiza pande mbili zijadiliane juu ya fidia, na mvutano wa kiasi ukaendelea kwa miaka mingi tena. Makate alishinda bila hataza. Alichokuwa nacho ni makubaliano, na kilichomchelewesha ni kwamba makubaliano hayo hayakuandikwa tangu mwanzo.

Linganisha na waliofungua mlango wa hataza. Marekani, Amazon ilipewa hataza mwaka 1999 kwa kununua bidhaa kwa kubonyeza kitufe mara moja. Kitufe kimoja! Mwaka 2011, kampuni iitwayo Lodsys, ambayo biashara yake ilikuwa kumiliki hataza na kudai malipo, iliwaandikia barua watengenezaji wadogo wa programu za iPhone. Kosa lao lilikuwa kuweka kitufe cha kununua ndani ya programu, na ilidai asilimia 0.575 ya mapato yao ya Marekani. Asilimia hiyo ni ndogo kuliko ada ya wakili wa kuipinga, na biashara hiyo imejengwa juu ya ukweli huo. Ulaya ilijadili sheria ya hataza za programu kwa miaka kadhaa, na Julai 2005 Bunge la Ulaya likaitupa kwa kura 648 dhidi ya 14. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Alice na CLS Bank, nayo ikaamua kwamba kuchukua wazo la kibiashara la siku zote na kulifanya kwa kompyuta hakutoshi kupata hataza.

Sasa rudi Ngara, mkoani Kagera. Chukua kijana wa Ngara anayetaka kuwaandikia wenzake wa chama cha msingi programu ya kupokea kahawa: karani anapima gunia, anaingiza kilo, mkulima anapata ujumbe wenye uzito na tarehe, na malipo yakija yanaingia kwenye simu yake. Kazi hiyo inaweza kumalizwa na mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato iliyotumika. Lakini ndani yake kuna namba ya kumtambulisha mkulima, ujumbe unaojituma wenyewe, malipo yanayofuata rekodi, orodha ya kuchagua kwa tarakimu. Kila kimojawapo kinaweza kuandikwa kama dai la hataza na wakili mwenye maneno mengi. Kijana huyo hataweza kuyasoma madai yote kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Kampuni kubwa zina hataza za kubadilishana zinapogombana; yeye hana cha kubadilishana.

Na vifaa anavyotumia karibu vyote ni vya bure. Mfano uko karibu naye: zahanati za wilaya yake hujaza vitabu vya MTUHA, vya taarifa za huduma za afya, na takwimu hizo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo ulioanzia kwa watafiti wa Oslo na Afrika Kusini, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Msimbo wake uko wazi: unaweza kuuchukua leo, kuubadilisha na kuutumia. Mfumo kama huo unakua kwa sababu mtu hahitaji kuuliza kila kipande ni cha nani.

Upande wa pili una hoja moja ninayoiheshimu. Mwekezaji huuliza unamiliki nini, na hataza ni karatasi inayoonekana. Ni kweli pia kwamba uvumbuzi halisi wa kiufundi, mathalani mzani unaopima unyevu wa kahawa kwa njia mpya na ukawa na programu ndani yake, unastahili hataza, na sheria ya sasa haimfungii mwenye mzani. Hatari iko kwenye ujanja wa maneno. Mkataba wa hataza wa Ulaya unakataa programu "kama programu" tu, na mawakili wamepitisha mengi kwenye upenyo huo.

Tanzania haina haraka. Kama nchi maskini zaidi, TRIPS inaipa hadi Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza masharti yake mengi, ikiwa itabaki katika kundi hilo. Lakini itifaki ya hakibunifu ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, iliyopitishwa Februari 2023, itazileta nchi mezani, na huko kila mmoja atakuja na sheria aliyoizoea. Tena maombi mengi ya hataza hufika kwetu kupitia ARIPO, shirika la hakibunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, ambako nchi iliyotajwa kwenye ombi ina miezi sita ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu ndani ya mipaka yake.

Ningependa nguvu za vijana wetu ziende kwenye mambo mawili. Kwanza, miezi hiyo sita itumike kweli, na mtu anayejua kusoma msimbo. Pili, kuwe na mkataba wa siri wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, ambao kampuni yoyote ya simu au benki italazimika kuusaini kabla ya kijana kufungua kompyuta yake mbele yao, ukieleza atalipwa nini wazo likitumika. Makate angeupata Novemba 2000, asingezeekea mahakamani.