Humusi Hulainikia Sufuriani

Humusi iliyopikwa vizuri haina chenga hata moja. Huko Beirut, Damascus na Nablus huliwa asubuhi ikiwa bado vuguvugu, imemwagiwa mafuta ya zeituni, na pembeni kuna mkate na kitunguu kibichi. Viungo vyake ni vichache: dengu kavu, tahini ya ufuta, limau, kitunguu saumu, chumvi na maji. Hakuna hata kimoja kinachotushinda kukipata. Dengu zinalimwa Kanda ya Ziwa (nasema dengu, si zile punje za kijani ambazo Kenya huziita ndengu na Tanzania choroko), ufuta unatoka Lindi na Mtwara, na malimau yamejaa kila genge. Kinachowakwamisha wapishi wetu ni madai yanayopokezanwa jikoni bila kupimwa. Yananiuma, kwa sababu yanamfanya mtu mwenye dengu nzuri na subira ya kutosha aamini kwamba chakula hiki si cha kwake.

Dai linalotajwa kuliko yote ni kwamba bila blenda ya bei kubwa utaambulia chenga tu. Watu wa Misri na Sham, yaani ukanda wa Beirut, Damascus na Nablus, walikula dengu zilizopondwa karne nyingi kabla ya umeme kuvumbuliwa. Vitabu vya mapishi vya Kiarabu vya karne ya 13 na 14 vinavitaja vyakula vya namna hiyo. Chombo kilikuwa kinu na mchi. Dengu ngumu haipondeki ikawa laini kinuni hata uitwange mpaka jioni, kwa hiyo ilibidi iingie humo ikiwa imekwisha kulainika. Na blenda ya kawaida ya nyumbani iko hivyo hivyo: inamalizia kazi ambayo moto umeshaifanya. Toa punje moja sufuriani, ibane kwa kidole gumba na cha shahada. Ikibaki na kiini, rudisha. Ikipasuka vipande, rudisha. Inatakiwa isambae vidoleni bila ubishi, na wenzake ndani ya maji wawe wameanza kuvurugika wenyewe. Kiwango hiki kinapita mbali kile cha dengu za mchuzi, lakini wengi huzima jiko pale pale penye mchuzi, kisha wanailaumu mashine.

Dai la pili husema lazima umenye punje moja moja. Hapa nawaelewa wasemaji, maana ganda kweli ndilo adui. Ndani ya dengu mna wanga na protini, vitu vinavyopondeka kirahisi. Ganda ni nyuzinyuzi, na visu vya blenda huishia kulikata vipande vidogo ambavyo ulimi unavihisi. Ukimenya kwa mkono utafanikiwa. Ila robo kilo ya dengu ina mamia ya punje, na sioni kwa nini mtu akeshe akizimenya wakati kijiko kimoja cha chai cha soda ya kupikia kinaweza kumfanyia kazi hiyo.

Seli za dengu zimeshikamana kwa pektini, na pektini hiyo hukazwa na madini ya kalsiamu. Soda huyafanya maji kuwa na ualkali, na ualkali huivunja pektini. Sodiamu nayo hukalia nafasi ya kalsiamu. Mshikamano unalegea, ganda linakuwa teketeke na kuchanika lenyewe. Njia ninayoiamini zaidi imeelezwa na Yotam Ottolenghi na Sami Tamimi, wapishi wawili waliozaliwa Jerusalem, mmoja upande wa magharibi na mwingine upande wa mashariki, katika kitabu chao *Jerusalem* cha mwaka 2012. Gramu 250 za dengu hulowekwa usiku kucha katika maji mengi, kwa sababu zitavimba karibu maradufu. Asubuhi huchujwa, hutiwa kwenye sufuria iliyo motoni pamoja na kijiko kimoja cha chai cha soda, na kukorogwa kama dakika tatu bila maji. Ndipo huongezwa lita moja na nusu ya maji. Zile dakika tatu za kavu ndizo zenye thamani: soda inagusana na ganda moja kwa moja, na kule kukoroga kunalisugua. Maji yakichemka, povu na maganda huelea juu. Yaengue kwa upawa wa matundu. Maganda yatakayobaki yatakuwa yamelainika kiasi cha kusagika bila kuacha dalili.

Dengu za msimu huu huweza kuwa tayari kwa dakika 20 hadi 40. Zilizokaa muda mrefu katika ghala lenye joto na unyevunyevu hukawia zaidi, na nyingine hazilainiki kabisa. Kwa hiyo nunua duka ambalo mzigo hautulii. Ukitumia presha kuka usijaze kupita nusu, kwani povu la soda na maganda yanayoelea huweza kuziba tundu la mvuke.

Wengine huuliza: soda ya dukani ya nini, nasi tuna magadi? Wazo lenyewe ni sahihi. Bibi zetu wamelainisha maharage na makande kwa magadi vizazi na vizazi, kwa kanuni hiyo hiyo ya ualkali, na inanifurahisha kwamba maarifa haya tulikuwa nayo nyumbani. Tatizo ni kilichomo ndani ya magadi. Yale yanayochotwa kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron, huweza kubeba floridi nyingi, na madoa ya kahawia kwenye meno ya watu wa Arusha na Kilimanjaro yamehusishwa na maji yenye floridi pamoja na magadi hayo. Tena nguvu ya magadi hutofautiana bonge kwa bonge. Soda ya kupikia ni safi na inapimika.

Kwamba soda huondoa virutubisho, ni kweli kwa sehemu. Vitamini B1 haivumilii ualkali. Lakini protini na nyuzinyuzi hubaki, na hakuna anayeitegemea humusi pekee kwa vitamini hiyo. Mimi ningeogopa zaidi ladha ya sabuni, ambayo huja mtu anapozidisha kipimo akidhani ataharakisha.

Kuhusu chumvi, tumeambiwa tangu utotoni kwamba ukiitia mapema dengu hazitaiva. Ni kinyume. Sodiamu ya chumvi huisukuma kalsiamu kwenye ganda kama ile ya soda, ila kwa nguvu ndogo, na dengu zilizolowekwa kwenye maji ya chumvi hutoka na ganda laini zaidi. Kinachozuia kuiva ni uchachu: limau, nyanya, ukwaju. Hivyo visiguse sufuria kabla dengu hazijalainika. Maji magumu nayo huzuia, na wanaoishi juu ya mawe ya matumbawe, Unguja au Mombasa, wakipikia maji ya kisima wanachemshia dengu katika kalsiamu ile ile tunayotaka kuiondoa. Pikia maji ya mvua, au ya chupa ikibidi.

Dengu za kopo ni sawa tu na kavu? Si sawa. Viwanda vingi huongeza kloridi ya kalsiamu ili punje zisivurugike, yaani hulipia gharama kuzuia kile unachokitafuta. Ukiwa nazo, zichemshe tena kwa soda kidogo dakika 20.

Dai linalonikera kuliko yote ni kwamba dengu zetu hazifai humusi. Tofauti ipo, sikatai. Dengu za Shinyanga na Simiyu kwa kawaida ni aina ya desi: ndogo, zenye pembe, ganda nene la kahawia. Humusi ya Sham hupendelea kabuli, kubwa na nyeupe, na ganda lake ni jembamba. Lakini desi ikishakobolewa na kupasuliwa ganda halipo tena, na dengu hizo za kupasuliwa hupatikana katika maduka ya nafaka ya Wahindi, Dar es Salaam na miji mingine. Huiva upesi, na humusi yake huwa laini sana, ya manjano zaidi, yenye ladha nzito ya dengu. Tena ipo sababu ya kuzila hapa hapa: wakulima wa Kanda ya Ziwa waliumia India ilipopandisha ushuru wa dengu mwishoni mwa 2017 na tena mwaka 2018, kwa kuwa soko lao kubwa lilikuwa huko huko. Zao hili hapa nyumbani tunalijua zaidi kama unga wa bajia. Linastahili nafasi nyingine mezani.

Limebaki suala la kusaga. Wanaoshauri mafuta ya zeituni yamiminwe ndani ya blenda ili kulainisha wanaiongezea humusi uzito bure. Mafuta ya ufuta yaliyomo kwenye tahini yanatosha, na zeituni mahali pake ni juu ya bakuli. Wanaoshauri dengu zipoe kabisa wanapoteza wakati mzuri, maana wanga ukiwa moto husagika kwa urahisi kuliko uliokwisha kupoa na kukaza. Saga zikiwa moto, mfuniko ukiwa umeachiwa upenyo wa mvuke. Tahini itayarishe kando: ponda kitunguu saumu ndani ya maji ya limau na chumvi, ukiache dakika kumi ukali utulie, kisha changanya na tahini na maji ya barafu kidogo kidogo. Mwanzoni itajikunja na kukaza, na hapo ndipo wengi hushtuka wakaitupa. Ongeza maji; italegea, itakuwa nyeupe na nyororo. Kwa gramu 250 za dengu kavu Ottolenghi na Tamimi huweka gramu 270 za tahini, na usiogope kiasi hicho. Changanya vyote, saga dakika kadhaa bila kuhurumia mashine, na uache ikiwa nyepesi kuliko unavyoitaka mezani, kwani itakaza ikipoa. Ikikaza mno kesho yake, kijiko kimoja au viwili vya maji ya moto vitairudisha.